Script yangu ya kusoma tarehe za layer ilivyopeleka bomba la maji kwa boma la mama mkwe, Kola

Wakuu, salamu kutoka Machakos.

Hii stori nimeikalia muda nikijiuliza kama niilete huku ama nizeeke nayo. Leo nimeamua kuileta. Yote yalinipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Majina ya watu nimebadilisha, na langu sitaji kabisa kwa sababu mtakazoziona mkifika katikati.

Anayetaka kuanza kunicheka mapema aanze tu. Haitabadilisha kitu.

Kwanza, kazi yangu. Niko kwa ofisi ndogo hapa town, tunachora ramani za miradi ya maji. Mimi ndiye mtu wa ramani. Mkubwa wetu ni Madam Ndunge, injinia, mama mpole ambaye akikasirika hapandishi sauti, anaishusha. Ukimsikia akiongea chini chini, ujue kuna mtu amekwisha.

Kwa wale hawajui mambo ya ramani za computer: ramani moja ni kama makaratasi ya plastiki yamewekwa juu ya mengine. Barabara ziko na karatasi yake, mito yake, mabomba yake. Kila karatasi tunaiita layer. Layer ya bomba ndiyo inamwambia mtu wa kuchimba mtaro apite wapi.

Shikeni hapo.

Mradi wenyewe ulikuwa Kola. Maji yatoke kwa borehole juu mlimani, yashuke hadi dispensary, na njiani yaingie kwa maboma ya watu. Mstari wa kwanza wa bomba niliuchora mimi, nikiwa nimekaa ofisini na chai, nikiangalia picha ya satellite. Ulinyooka kama umepigwa na rula. Niliupenda sana.

Watu wa Kola hawakuupenda. Ulipopelekwa kwa baraza ya chief waliukataa pale pale. Unapita kwa mashamba, unapita kwa maboma, unapita mahali watu wamezika wazee wao. Picha ya satellite haionyeshi hayo, ama labda inaonyesha na mimi nilikuwa nakunywa chai.

Ofisi ikamtuma Kyalo, surveyor wetu. Kyalo alitembea na wenye mashamba mmoja mmoja, kila mtu akimwonyesha pita hapa, usipite hapa. Akarudi na mstari mpya, umepindapinda, na watu wakaukubali. Alinitumia layer yake ikiwa imefungwa kwa zip, nikaifungua, nikaiweka kwa folder ya mradi pamoja na zile zingine. Kisha Kyalo akahamishiwa kazi nyingine Masinga, na mimi nikaendelea na maisha.

Sasa kuna jambo lingine lazima niwaambie, na hapa ndipo mambo yanaanza kunichoma.

Mchumba wangu, Mwende, ni wa Kola. Kwao ni kwenye njia ya hilo bomba.

Na kwa baraza ya pili, ile ya kukubali mstari wa Kyalo, mama yake ndiye alisimama akatetea mradi. Kuna watu walikuwa bado wanashuku. Yeye akawaambia hawa watu wa ofisi nawajua, mmoja anataka kuoa kwangu, hawawezi kutudanganya. Mimi sikuwa hapo. Mwende ndiye aliniambia, na nilitembea wiki nzima kifua mbele.

Haya. Turudi ofisini.

Siku moja Madam akanikuta mezani. "Mtu wa kuchimba anaanza Kola wiki hii. Nipe ule mstari wa mwisho wa bomba."

Swali rahisi. Nikafungua folder.

Wakuu, wale mnafanya kazi na mafaili mnanijua. Ndani kulikuwa na bomba_final. Kulikuwa na bomba_final2. Kulikuwa na bomba_FINAL_kabisa, na bomba_mpya, na moja inaitwa bomba_mpya_old, ambayo mpaka leo sijui nilikuwa nafikiria nini nikiipa hilo jina. Zote nilikuwa nimezipa majina mimi.

Mtu mwenye akili angefungua layer zote, aziweke moja juu ya nyingine, aangalie kwa macho. Dakika chache. Ama angempigia Kyalo simu.

Mimi nilikuwa nimeanza kujifunza Python, ile lugha ya kuandikia computer maagizo.

Mnajua vile mtu akinunua nyundo mpya anatembea nyumbani akitafuta misumari? Ndiyo hiyo. Nikajiambia, kwa nini nifungue layer kwa mkono kama mtu wa zamani? Nitaandika script. Iingie kwa folder yenyewe, ishike kila layer, isome ni lini ilibadilishwa mara ya mwisho, izipange. Iliyo juu ndiyo ya mwisho. Sayansi.

Kazi ya dakika chache ikanimaliza siku nzima.

Mara ya kwanza script ilinipa namba ndefu badala ya tarehe. Nilidhani imesoma namba za simu za watu. Kumbe computer inahesabu wakati kwa sekunde tangu mwaka wa 1970, na ni wewe unafaa kuzigeuza ziwe tarehe. Nikageuza. Halafu nikagundua layer ya aina yetu si faili moja, ni familia: kuna faili ya michoro, kuna faili ya maelezo kama majina ya vijiji, kuna zingine ndogondogo. Kila moja na tarehe yake. Nikasema sawa, kwa kila familia, chukua ile tarehe mpya zaidi.

Hapo nilijiona mjanja sana. Kumbukeni nilijiona mjanja.

Mwishowe ikakubali. Orodha ikashuka kwa screen, safi, na juu kabisa bomba_final2. Niliita watu waje waone. Hata yule dada wa accounts alikuja, akaangalia, akasema "eeh", akarudi kwa kazi yake.

Madam aliinama kwa screen. "Na una uhakika?"

"Madam, computer haidanganyi."

Nikatoa points za bomba_final2, nikamtumia foreman wa mtu wa kuchimba kwa GPS yake. Nikaenda nyumbani nikalala usingizi wa mtu aliyeingia karne mpya.

Simu ya Mwende ilinipata nikiwa nakunywa chai ofisini. Sikuwa nimemaliza kusema hello.

"Ni nyinyi mmeweka vijiti vyekundu kwa boma ya mama?"

"Vijiti gani?"

"Vijiti! Za bomba! Moja iko ndani ya boma ya ng'ombe. Ng'ombe wameiangusha, wale watu wameirudisha. Ingine iko kwa mlango ya jikoni. Mama amekuja kutoka shamba amepata mtu anachimba."

Nikamwambia haiwezekani. Nikamwambia mstari ule unazunguka nyuma ya boma lao, mimi mwenyewe najua. Nikamwambia nimetumia script.

Kisha Mwende akasema polepole, "Watu wanamuuliza mama, ndio huyu mkwe ulisema?"

Akakata.

Nilipoinua macho Madam alikuwa amesimama kwa mlango, na yeye simu kwa mkono. Foreman alikuwa amempigia. Akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Chukua laptop. Wewe ndiye ulikuwa na uhakika."

Tukaingia kwa pickup ya ofisi, yeye, dereva na mimi. Tukashika barabara ya Kola.

Wakuu, kabla tufike nieleze kitu kwa wale si wa huku. Kwa Wakamba kuna kitu inaitwa nthoni. Ni heshima, lakini ni heshima ya kuona haya, kati ya mwanaume na mama ya mke wake. Humkaribii, humpigii stori, mkikutana njiani unapisha ukiangalia kando. Vijana wengi wameacha. Kwa kina Mwende hawajaacha. Siku nilipelekwa kujulikana, mama alinisalimia akiwa ndani ya nyumba na mimi nikiwa nje, na kila mtu aliona ni sawa.

Mimi nimezaliwa Kamba lakini nimekulia Mavoko. Kikamba changu ni cha kununua nyanya. Hizo heshima nilikuwa nazifuata kama mtu anavuka mto usiku, nikipapasa na mguu.

Basi tukafika.

Kulikuwa na watu wengi. Wachimbaji wameweka majembe chini. Foreman amesimama na ile GPS ameibana kwa kwapa kama mtu ameshikwa na kitu si chake. Na katikati, juu ya shimo la kigingi, mama mkwe amekaa kwa kistuli cha kukamulia. Ameketi tu. Hakuna mtu angechimba hapo bila kumhamisha, na hakuna mtu angemhamisha.

Mimi nikabaki nyuma ya pickup. Madam alinitazama. Nikamnong'onezea, "Madam, huyo ni mama mkwe. Siwezi kumkaribia."

Akafumba macho kidogo. "Kwa hivyo utaelezea ukiwa wapi?"

Hapo ndipo alitokea Mzee Musyoka, ndugu ya baba yake Mwende. Baba mwenyewe alishafariki. Mzee Musyoka akajipanga katikati yetu, kati ya kistuli na pickup, na akatangaza kwamba maneno yatapitia kwake.

Mama akasema, akiangalia ng'ombe, "Mwambie huyo mtu wa ramani aeleze."

Mzee akanigeukia. "Anasema ueleze."

"Nimesikia, mzee."

"Hujasikia. Utasikia nikikuambia mimi."

"Sawa, mzee."

Nikafungua laptop juu ya bonnet. Password nikaikosea mara kadhaa watu wakinitazama. Nikaonyesha orodha yangu. Nikaanza kueleza, mbele ya kijiji kizima, kwamba hii ni script, inasoma tarehe ambazo mafaili yalibadilishwa, na hii layer ndiyo mpya kuliko zote, mnaona tarehe.

Mzee Musyoka akapeleka maneno. Kwa Kikamba yalikuwa machache sana kuliko vile nilisema.

Mama akasema, kwa Kiswahili ili hata Madam asikie, "Muulize. Kama hii ndiyo ile mpya tulikubaliana, kwa nini kijiti kinachofuata kiko kwa kichwa cha mume wangu?"

Mzee hakurudia hilo. Hakukuwa na haja.

Nikaangalia upande ule alikuwa anaangalia. Nyuma ya zizi, chini ya mti wa maua mekundu, kulikuwa na kaburi limejengewa saruji. Kigingi changu kilikuwa kimesimama hapo pembeni, na ile rangi yake nyekundu.

Wakuu, nimewahi kuaibika maishani. Nimewahi kuanguka kwa graduation ya mtu. Lakini si mbele ya kaburi la mtu.

Ndipo nikafanya kile nilifaa kufanya ofisini. Nikafungua layer zote, moja juu ya nyingine, hapo kwa bonnet. Bomba_final2 ikatokea imenyooka kama rula. Bomba_mpya ikatokea imepindapinda, inazunguka zizi, inazunguka kaburi, inatoka kwa boma bila kugusa kitu.

Nikampigia Kyalo. Kwa vile jua lilikuwa kali na sikuwa naona screen ya simu vizuri, niliweka loudspeaker. Hiyo pia ni akili yangu.

"Kyalo, mstari wako wa Kola ni upi?"

"Si ni ule umepinda kama nyoka. Nilikutumia kwa zip. Kwani umetumia gani?"

"Final2."

Kyalo akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, sauti imejaa boma lote. "Si hiyo ndiyo ile yako ya rula? Ile ilikataliwa? Sasa unachimba nayo?"

Nikazima simu. Nilikuwa nimechelewa.

Sasa kosa lilikuwa wapi? Nikaliona hapo hapo, na ni bora nisingeliona. Siku kadhaa kabla ya hapo nilikuwa naandaa ramani ya ripoti. Nilikuwa nimefungua ile layer ya zamani, nikapata jina la kijiji limekosewa herufi moja, nikalisahihisha, nikasave. Herufi moja. Mstari sikuugusa. Lakini ile faili ya maelezo ikapata tarehe mpya, na script yangu janja, ile ya kuchukua tarehe mpya zaidi kwa familia, ikaipandisha juu.

Na layer ya Kyalo? Ilipotoka kwa zip ilikuja na tarehe yake ileile ya siku Kyalo aliifunga. Kwa hivyo ile iliyokuwa ya kweli ikaonekana nzee, na ile iliyokataliwa ikaonekana mpya.

Computer haikudanganya. Niliiuliza faili ipi imeguswa mwisho, ikajibu. Mimi ndiye nilidhani nimeiuliza mstari upi ni wa kweli.

Nikamwambia Mzee Musyoka, "Mwambie nimekosea."

"Anasema amekosea."

"Muulize, si alisema ni computer?" akasema mama.

"Anauliza, si ulisema ni computer?"

Nikaeleza yote: herufi, faili ya maelezo, zip, familia, tarehe. Niliongea muda mrefu. Madam alikuwa ananitazama kama mtu anatazama gari ikirudi nyuma bila dereva. Mzee Musyoka akanisikiza mpaka mwisho, akatingisha kichwa kwa heshima, akamgeukia mama, akasema neno moja la Kikamba.

Watu wote wakaangua kicheko. Hata foreman.

Baadaye nilimuuliza Mwende lile neno ni nini. Akaniambia: "Hakuangalia."

Wakuu, mimi nimesoma. Niko na cheti. Sijawahi kusikia maelezo ya kiufundi yamefupishwa vizuri namna hiyo.

Mama hakucheka. Alisubiri watu wanyamaze, akasema kitu kwa mzee, na mzee akaniambia, "Anasema wewe mwenyewe utavitoa. Vyote. Wachimbaji wasikusaidie."

Nikatoa. Nikiwa na viatu vya ofisi. Nilianza na kile cha mlango wa jikoni, nikaenda zizini, ambako ng'ombe mmoja alinisukuma na pua kama anayesema fanya haraka. Kila shimo nikalifukia na mikono. Watu walinifuata kwa umbali, na mama nyuma yao, ameshika kistuli chake.

Nilipofika kwa kile cha kaburini nilisimama. Sikujua kama nafaa kuingia pale. Nikageuka kumtafuta Mzee Musyoka aniulizie, na nikamkuta mama mwenyewe amesimama karibu kuliko vile inaruhusiwa. Alikuwa anaangalia kaburi, si mimi.

"Kitoe polepole," akasema. "Alikuwa anapenda maji, huyu. Alikuwa anasema atakufa kabla yafike."

Maneno hayo aliniambia mimi. Hayakupitia kwa mtu.

Nikasema tu, "Pole, mwaitu," yaani mama kwa Kikamba. Nikapiga magoti, nikakitoa polepole.

Baada ya hapo Madam alinipa GPS, tukatembea mstari wa Kyalo wote pamoja na wenye mashamba, kigingi kwa kigingi. Kila mwenye shamba alisema ni hapa ndipo tukaweka. Kwa boma la kina Mwende, mama ndiye alionyesha. Wale majirani waliokuwa wakimuuliza maswali asubuhi walikuja wakasimama upande wake bila kusema kitu, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa njia yao ya kusema.

Sikufutwa kazi. Madam aliniambia ndani ya gari, kwa sauti ya kawaida, na nilikaribia kulia kwa furaha kusikia sauti ya kawaida: "Kuanzia leo kila layer iandikwe ndani yake nani alipima na siku gani alipima. Na kabla kitu kitoke ofisini, mtu akifungue akiangalie."

Mwende alininunia siku kadhaa, halafu akaanza kuniita Rula. Hilo jina limeingia mpaka kwa group ya familia yao.

Mtaro ulichimbwa ukapita nyuma ya zizi. Maji yalifika. Siku ya kufungua sikwenda, nilisema niko na kazi nyingi. Mwende alinitumia picha ya mama amesimama kwa mfereji, ndoo imejaa inamwagika, na yeye hataki kufunga.

Na mambo ya kuoa bado yako. Tulienda na wazee wangu. Wazee wao walikuwa wamejiandaa kuzungumzia mbuzi wa mahari, na Mzee Musyoka akasema kuna mbuzi mmoja ameongezeka upande wangu, kwa sababu za kiufundi. Wazee wangu waliniangalia. Nikasema alipwe huyo mbuzi, na tusiulizane.

Wakuu, nimejifunza nini?

Script sijaitupa. Inafaa bado. Ukiwa na folder imejaa layer na hujui zipi zimekaa tu, inakusaidia kujua mahali pa kuanzia kuangalia. Lakini ni mahali pa kuanzia. Tarehe ya faili inakuambia faili iliguswa lini. Haikuambii mtu alikanyaga ile ardhi lini, na haikuambii alikubaliana na nani akiwa hapo. Kusahihisha herufi moja kunaipa tarehe mpya. Kuikopi, wakati mwingine, kunaipa tarehe mpya. Kuifunga kwa zip kunaweza kuibakisha na ya zamani. Kama tarehe ya kupima ni muhimu, iandike ndani ya layer yenyewe, kwa safu (column) yake, na jina la aliyepima.

Na kama kuna binadamu alitembea ule mstari na miguu yake, na namba yake uko nayo, mpigie. Bila loudspeaker.

Sasa nyinyi mnaofanya hizi kazi, mnatunza vipi tarehe za layer zenu? Kuna mtu ako na njia nzuri kuliko safu ya kuandika kwa mkono? Leteni hata script zenu, nitazisoma, na safari hii nitauliza inauliza nini kabla niiamini.

Kejeli pia napokea. Pangeni tu laini, maana watu wa Kola bado hawajamaliza zao.